Bahari Yetu Itapimwa na Nani?

Kila inapofika zamu ya wanafunzi wetu kuchagua kozi za chuo kikuu, orodha inayotoka katika shule za Kisii na Nyamira huwa ni ile ile. Udaktari huja kwanza, ukifuatwa na uanasheria, uhandisi, uuguzi na ualimu. Katika miaka ya karibuni elimu ya kompyuta nayo imepenya ikakaa kitako. Wachache huandika upimaji wa ardhi, na hao nawaelewa vyema. Katika nchi hii ya Gusii, ambapo mashamba yamekatwakatwa hata vipande vingine havitoshi nyumba na migomba kumi, mpima ardhi ni mtu anayejulikana kila kijiji. Yeye ndiye huitwa ndugu wawili wanapokabana makoo kwa sababu ya hatua mbili za mpaka. Lakini sijapata kuona fomu hata moja ambayo mwenyewe ameandika kwamba angependa kupima bahari.

Ukiuliza sababu utajibiwa upesi kwamba bahari ni ya watu wa pwani. Kutoka mjini Kisii hadi Mombasa ni karibu kilomita 800, na wengi wa vijana wetu humaliza shule kabla hawajalitia guu katika maji ya chumvi. Hoja hii ina sura ya akili, ila msingi haina. Mlango wa kuingilia katika kazi hiyo hauko ufuoni. Uko katika darasa la hisabati, la fizikia na la jiografia, na madarasa hayo yako Ogembo na Keroka sawasawa na Kilifi.

Taaluma yenyewe wataalamu huiita haidrografia. Ni elimu ya kupima kina cha maji, umbo la sakafu ya bahari, mikondo, na kupwa na kujaa, kisha kuyaandika hayo yote katika chati ambayo nahodha anaweza kuitegemea usiku wa manane. Kwa karne nyingi chombo chake kilikuwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kambani. Baharia alikitupa majini, akaiachia kamba hadi igonge chini, kisha akahesabu ni pima ngapi zimezama. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, na hata jina la Kiingereza la kipimo hicho asili yake ni neno la kukumbatia. Wanadamu walianza kuipima bahari kwa miili yao.

Leo bildi imepisha sauti. Mwalimu wa fizikia analijua swali hili, maana hulitoa kila mwaka: meli inatuma sauti chini, mwangwi unarudi baada ya sekunde 4, na sauti husafiri majini kwa mita 1,500 kwa sekunde, je, kina ni mita ngapi? Mwanafunzi mwerevu huzidisha, hugawa kwa mbili kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi, akapata mita 3,000 na alama zake. Kisha hufunga daftari, wala hakuna anayemwambia kwamba hesabu hiyo ni kazi ya mshahara, na kwamba kuna watu wazima wanaolipwa kuifanya mchana kutwa katika meli, bandarini na ofisini.

Bila shaka kazi yenyewe ni ngumu kuliko swali la mtihani. Vyombo vya kisasa havitumi mlio mmoja. Hutuma mamia ya miali ya sauti kwa mpigo mmoja, ikatandaa chini ya meli kama upepeo. Kasi ya sauti hubadilika kadiri maji yanavyobadilika kwa joto, chumvi na mgandamizo. Meli nayo haitulii. Huyumba, hupanda na kushuka. Maji yenyewe hupwa na kujaa, hivyo kipimo cha asubuhi hakilingani na cha jioni mpaka kisahihishwe. Mahali pa kila kipimo hujulikana kwa msaada wa setilaiti. Anayeyaunganisha hayo yote lazima awe mtu wa hesabu, mwenye subira na mikono misafi katika kumbukumbu zake. Watu wa aina hiyo nimewafundisha hapa miaka mingi, ingawa mimi nawafundisha fonolojia.

Kwa nini jambo hili litushughulishe? Turudi kwa wale ndugu wawili na mpaka wao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu chake cha tano, unasema kwamba mstari wa kawaida wa kuanzia kuipima bahari ya nchi ni mstari wa maji kupwa kando ya pwani, kama ulivyowekwa katika chati kubwa zinazotambuliwa rasmi na nchi hiyo. Tazama, msomaji, neno letu la darasani, kupwa, ambalo mtoto hulikariri pamoja na bamvua na maji mafu ili apate alama moja ya msamiati, ndilo linalobeba mpaka wa taifa. Kutoka mstari huo huhesabiwa maili 12 za bahari ya nchi, na maili 200 za eneo lake la kiuchumi. Nchi ikitaka sakafu iliyo mbele zaidi ya hapo, kama Kenya ilivyoomba mbele ya tume ya Umoja wa Mataifa mwaka 2009, dai hilo halithibitishwi kwa hotuba. Huthibitishwa kwa vipimo vya kina na vya unene wa mashapo yaliyolala chini ya maji.

Mpaka wa bahari baina ya Kenya na Somalia tunaukumbuka sote. Somalia ilifungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague mwezi Agosti 2014. Kenya ilitaka mpaka ufuate mstari wa latitudo; Somalia ilitaka mstari ulio umbali sawa na pwani zote mbili. Kenya ilijiondoa katika usikilizaji wa Machi 2021, na tarehe 12 Oktoba mwaka huo huo mahakama ikachora mstari uliokaribia zaidi dai la Somalia. Serikali yetu iliukataa uamuzi huo. Sisemi kwamba tulipata hasara kwa kukosa wapimaji. Ile ilikuwa kesi ya sheria, na mawakili ndio waliosimama. Ninachosema ni kwamba gazeti lilipochapisha ramani ya pembe ile ya bahari, wengi wetu, walimu tukiwemo, tuliikodolea macho kama watu wanaotazama shamba la jirani. Kwa mpaka wa shamba Mgusii hawezi kudanganywa hata nusu hatua. Kwa mpaka wa bahari yake hajui hata aulize nini.

Si ajabu, maana chati za pwani yetu hatukuziandika sisi. Kati ya mwaka 1822 na 1826 Kapteni William Fitzwilliam Owen wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliipima pwani ya Afrika Mashariki akiwa na meli za Leven na Barracouta. Ilikuwa kazi ya kifo, kwa kuwa mabaharia wake wengi waliangamia kwa homa. Luteni Reitz, aliyeachwa Mombasa mwaka 1824 kuangalia himaya fupi ambayo Owen aliitangaza huko, alifariki mwaka huo huo, na jina lake likabaki katika chati kwa Port Reitz. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuyajua maji yale vizazi vingi kabla yake. Jina Kilindini lenyewe ni kipimo: ni mahali penye kilindi, penye maji ya kina. Lakini ujuzi wa manahodha na marubani wa Kiswahili ulikaa vichwani na katika majina, na wa Owen ulikaa katika karatasi, na karatasi ndiyo iliyosafiri. Ziwa Victoria nalo lilipimwa na Kamanda Whitehouse, Mwingereza pia, karne ya 19 ilipokuwa ikiisha na ya 20 ikianza.

Hapa naomba ruhusa niseme kama mtu wa isimu. Anayepima ndiye anayetaja majina. Mwaka 1903, chini ya ufadhili wa Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco, ulianzishwa mpango wa kuchora ramani ya kina cha bahari zote za dunia, na mpango huo ungaliko, ukijulikana kwa kifupi kama GEBCO. Una kamati ndogo inayochunguza majina ya milima, mabonde na migongo iliyo chini ya bahari. Anayependekeza jina hutakiwa alete vipimo vya mahali penyewe. Asiye na vipimo hana la kupendekeza. Tazama kile kisiwa kidogo kusini mwa Zanzibar: katika chati za kigeni ni Latham, na wavuvi wanakiita Fungu Kizimkazi. Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Kina fungu, kipwa, mwamba, rasi, hori, mlango, mkondo na kilindi, na kila neno lina mpaka wake wa maana. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza tofauti ya fungu na kipwa. Walinipa maelezo ya kamusi bila kukosea herufi, kisha mmoja akaniuliza kwa upole kama vitu hivyo bado vipo. Kumbe tumewafundisha msamiati wa bahari kama msamiati wa mashujaa wa kale!

Isitoshe, maji hayako mbali nasi hivyo. Jina Nyanza, ambalo tuliliitikia miaka yote ya mkoa, ni neno la Kibantu la ziwa, na katika Ekegusii bado tunasema enyancha. Mto Gucha na mto Sondu hukusanya maji ya vilima vyetu na kuyapeleka Ziwa Victoria. Mvua ya masika inapokuwa kubwa, mito hiyo hushuka ikiwa myekundu, na wekundu ule ni udongo wa mashamba ya Kisii na Nyamira. Hautoweki. Hutua midomoni mwa mito na kupunguza kina. Anayetaka kujua ghuba imejaa matope kiasi gani, na mashua ya abiria ipite wapi, hana budi kuipima mara kwa mara. Kutoka Kisii hadi Homa Bay au Kendu Bay ni safari ya matatu isiyofika saa mbili.

Na pengine kipimo hutafutwa katika siku ya msiba. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lililokuwa na mama na bintiye liliteleza kutoka katika feri huko Likoni likazama. Nchi nzima ilisubiri hadi tarehe 11 Oktoba ndipo gari likatolewa, kutoka kina cha yapata mita 58, baada ya kazi ngumu ya wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji na wenzao waliotoka nje ya nchi. Mlango ule wa maji huvukwa na maelfu ya watu kila siku. Katika siku zile 13 tuliona wazi tofauti kati ya kuwa na bahari na kuweza kuona chini yake.

Wapo watakaosema kwamba mtoto wa milimani hawezi kuielewa bahari. Hao nawapa kisa cha Marie Tharp. Alizaliwa mwaka 1920 Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, mbali na bahari yoyote, na baba yake alikuwa mtu wa kupima udongo wa mashamba. Katika miaka ya 1950 alikaa mezani katika jimbo la New York akichora sakafu ya Atlantiki kwa vipimo vilivyoletwa na meli ambazo yeye, kwa kuwa mwanamke, hakuruhusiwa kuzipanda hadi miaka ya 1960. Akaona bonde refu likipita katikati ya safu ya milima iliyo chini ya maji. Mwenzake Bruce Heezen aliyapuuza maneno yake kama soga za wasichana. Baadaye vitovu vya matetemeko ya ardhi vilipochorwa, vikalala juu ya bonde lile lile, na walipoufuata ufa huo kuelekea barani walijikuta katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, hili hili tunalolivuka tukienda Nairobi. Ramani ya bahari zote za dunia aliyoifanya pamoja na Heezen ilikamilika mwaka 1977. Binti anayesoma Nyansiongo ana nini pungufu ya binti yule, isipokuwa mtu wa kumwambia?

Sasa njia. Mtu hatoki kidato cha nne akaenda moja kwa moja kupima bahari. Huanza na shahada au diploma ya upimaji wa ardhi na taaluma za ramani, ambazo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi na kwingineko, au katika taasisi ya serikali ya upimaji na ramani iliyoko Ruaraka, Nairobi. Fizikia, jiografia, jiolojia na kompyuta ni milango mingine. Waajiri hapa nchini ni Halmashauri ya Bandari, ambayo haiwezi kuchimba mfereji wa meli bila kupima kabla na baada. Jeshi la wanamaji. Idara ya upimaji ya serikali. Na KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, yenye meli ya Mtafiti iliyotoka Ubelgiji. Bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, imeongeza kazi hiyo.

Ubingwa wenyewe hutambuliwa kimataifa kwa daraja mbili, A na B, chini ya viwango vya Shirika la Kimataifa la Haidrografia lililoanza Monaco mwaka 1921. India ina chuo cha haidrografia huko Goa kinachopokea wageni. Japani, kupitia JICA na walinzi wake wa pwani, imefundisha watu wa nchi zinazoendelea kwa miongo mingi. Na tangu mwaka 2004 wakfu wa Nippon wa Japani hufadhili mafunzo ya mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, ambako kila mwaka huchukuliwa wanafunzi wapatao sita tu kutoka duniani kote. Wahitimu wa huko walijiunga wakawa timu moja, na mwaka 2019 wakashinda zawadi kuu ya dola milioni 4 katika mashindano ya kuchora sakafu ya bahari kwa vyombo visivyo na mtu ndani. Kazi haijaisha. Mpango wa kuichora sakafu yote ifikapo 2030 ulipozinduliwa mwaka 2017, ni asilimia 6 hivi tu iliyokuwa imepimwa vizuri, na kufikia 2025 ilikuwa imepita asilimia 27 kidogo.

Nafasi sita kwa dunia nzima si nyingi, na sitamdanganya mwanafunzi kwa kumwambia kuwa anangojewa uwanja wa ndege. Mafunzo haya aghalabu huwapendelea watu ambao tayari wako kazini katika idara za serikali, wanaotumwa na waajiri wao na wanaotarajiwa kurudi. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Idara isipoajiri kijana wa kupimisha bahari haina wa kumtuma; ikimtuma, naye akirudi akawekwa mezani kugonga mihuri kwa kuwa mashua haina mafuta, mwaka wa pili ataitikia wito wa kampuni za mafuta na nyaya za baharini za ng'ambo. Simlaumu. Anayestahili lawama ni aliyeweka bajeti ya chombo akasahau bajeti ya anayekitumia.

Na jambo moja kwa wazazi, kwa sababu najua yaliyotokea katika vijiji vyetu. Ufadhili wa kweli wa masomo haya humlipia mwanafunzi, haumlipishi. Ajaye nyumbani kwako na fomu ya Japani au Marekani akitaka shilingi laki mbili za kuharakisha mambo ni mwizi, hata akivaa tai. Usiuze shamba.

Kwa walimu wenzangu, sharti la kwanza ni dogo. Chini ya mtaala wa umilisi, kuanzia Januari 2026 wanafunzi wa sekondari pevu huingia gredi ya 10 wakiwa wamechagua mkondo wa masomo, na kuchagua huko hufanywa na watoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano walio na majina matano ya kazi vichwani. Liongezeni la sita. Mwalimu wa fizikia akilitoa swali la mwangwi, aongeze sentensi mbili juu ya nani hulifanya kazini. Mwalimu wa Kiswahili akifundisha kupwa na bamvua, achore mstari ubaoni aoneshe mpaka wa nchi unapoanzia.

Tarehe 21 Juni kila mwaka ni siku ya haidrografia duniani. Klabu ya jiografia inaweza kuitumia wikendi iliyo karibu nayo kwenda Kendu Bay, ikakodi mashua ya mvuvi na jaketi za kuokolea, ikabeba kamba yenye fundo kila nusu mita, jiwe la kilo mbili, saa, simu inayotaja mahali, na daftari. Wapime vituo 20 kutoka ufuoni kuelekea ndani, warudi darasani wachore walichokipata, kisha mwaka unaofuata wengine wapime vituo vile vile waone matope yamepanda kiasi gani.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu.